Tundu Dogo Si Anasa ya Mabwanyenye

Wasee, leo wacha tuongee kuhusu kitu ambacho hatupendi kuongea: figo, kibofu na ile tezi inayowasumbua wazee wetu. Najua hii si stori ya Ijumaa jioni. Lakini angalia magrupu yako ya WhatsApp. Haipiti muda mrefu kabla ya bango la mchango kuanguka humo: picha ya mzee amevaa suti, namba ya M-Pesa, na maneno "matibabu India". Tunatuma mia mbili, tunaandika "pole sana, Mungu yupo", halafu tunarudi kwa mambo yetu. Swali ambalo hakuna mtu huuliza kwenye hayo magrupu ni moja: huko India kuna nini ambacho hakiwezi kuwa Nairobi, Eldoret au Mombasa?

Jibu la haraka huwa ni "mashine". Hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo imetugharimu sana. Mashine hununuliwa. Kile ambacho hakiuzwi popote ni mikono ya daktari aliyesimama kando ya bingwa mwaka mzima au miwili, akirudia upasuaji uleule hadi ukamwingia kwenye damu. Mafunzo hayo madaktari huyaita feloshipu. Msimamo wangu ni huu: Kenya inafaa kufungua nafasi za feloshipu ya upasuaji wa matundu madogo kwa madaktari wa mfumo wa mkojo, nafasi hizo ziwe katika hospitali za umma, na anayesomea hapo alipwe. Na sisemi hivyo kwa ajili ya mabwanyenye. Nasema kwa ajili ya mtu wa boda.

Kazi yenyewe iko hivi

Daktari wa yuroloji hushughulikia figo, mirija ya mkojo na kibofu, na kwa wanaume anaongeza tezi dume na viungo vya uzazi. Kitambo, kutoa figo iliyoharibika kulimaanisha kisu kirefu ubavuni au tumboni, misuli kukatwa, na kovu la kukaa nalo maisha yote. Mwaka 1990, katika mji wa St. Louis, Marekani, Ralph Clayman na wenzake walitoa figo nzima kupitia matundu madogo kwa mara ya kwanza duniani. Mbinu hiyo inaitwa laparoskopi. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi likafura kama puto. Kisha matundu machache hutobolewa, mengi yao yakiwa na upana wa nusu sentimita hadi sentimita moja na kitu. Kamera inapita kwenye tundu moja, vyombo virefu vyembamba vinapita kwenye mengine, na daktari anafanya kazi akitazama skrini.

Mawe ya figo nayo yana historia yake. Mwaka 1976, Fernström na Johansson wa Sweden waliripoti jinsi walivyotoa mawe kupitia tundu dogo mgongoni, moja kwa moja hadi ndani ya figo. Siku hizi jiwe dogo halihitaji hata tundu. Kamera nyembamba hupitishwa pale mkojo unapotokea, inapanda kupitia kibofu hadi liliko jiwe, na leza inalisaga hadi linabaki unga.

Halafu kuna roboti, ambayo ndiyo watu hupenda kuipiga picha. Usidanganyike: roboti haifanyi upasuaji yenyewe. Daktari ameketi kando kwenye kiti, anachezesha vishikio, na mikono ya chuma inafuata mikono yake. Daktari akiwa hajui kazi, roboti nayo haijui.

Hesabu ya mtu wa boda

Watu wengi wakisikia habari hizi wanafikiria hospitali za watu wenye pesa, zile za sakafu inayong'aa na kahawa ya bure. Kwamba tundu dogo ni urembo, kovu dogo ili mtu aonekane poa akienda Diani. Hapo ndipo hesabu inatupotea.

Chukulia jamaa wa nduthi mwenye figo inayohitaji kutolewa. Akipasuliwa kwa njia ya zamani, ataambiwa asibebe kitu kizito wala kufanya kazi ngumu kwa wiki sita hivi, wakati mwingine zaidi. Akipasuliwa kwa matundu madogo na mambo yakaenda sawa, wengi hurudi kazini kati ya wiki mbili na nne. Mwenye jiwe lililosagwa kwa leza mara nyingi hulala nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake.

Sasa jiulize, nani anahitaji hizo wiki zaidi? Bosi wa ofisini ana likizo ya ugonjwa. Mshahara unaingia akiwa amelala kitandani anatazama filamu. Jamaa wa nduthi hana likizo. Mkopo wa pikipiki unalipwa kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Mama mboga akikaa nyumbani mwezi mmoja na nusu, wateja wanahamia meza ya pili. Msee wa mjengo akipotea wiki sita, kibarua kinaenda kwa mwingine. Kwa watu kama hawa kovu si hoja. Wanachopoteza ni kodi ya nyumba na karo. Ukweli ambao hatuusemi ni kwamba tundu dogo lina thamani kubwa zaidi kwa anayelipwa kwa siku kuliko kwa anayelipwa kwa mwezi.

Na usifikirie haya ni magonjwa ya wazee pekee. Mawe ya figo huwakamata vijana pia, na mtu anayeshinda juani bila kunywa maji ya kutosha anajiongezea hatari. Saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanaume nchini Kenya, kwa hivyo hata kama si wewe, ni buda yako, mjomba wako au mzee wa ploti. Na mzazi figo zake zikifa, mara nyingi anayeombwa kutoa moja ni mtoto wake, kijana mzima wa afya. Tangu 1995, pale Lloyd Ratner na Louis Kavoussi walipotoa figo ya mfadhili kwa laparoskopi huko Baltimore, iliwezekana kumpa mzazi figo bila wewe mwenyewe kufunguliwa ubavu mzima. Lakini inawezekana tu pale ambapo kuna mtu anayejua kuifanya.

Mikono inaanza upya

Kwa nini daktari ambaye tayari ni mpasuaji ahitaji kusoma tena? Kwa sababu upasuaji huu unamrudisha mtu nyuma kama mtoto anayejifunza kushika kijiko. Chombo kirefu kikipita kwenye ukuta wa tumbo, ukuta huo unakuwa kama egemeo la pembea: ukisukuma mkono kulia, ncha ya ndani inaenda kushoto. Skrini ya kawaida haionyeshi kina, kwa hivyo ubongo lazima ujifunze kukisia umbali. Vidole havigusi kitu moja kwa moja. Mshipa ambao zamani daktari angeukamata kwa mkono ukianza kuvuja, sasa aukamate kwa koleo ndogo huku kila mtu chumbani akitazama skrini ikigeuka nyekundu.

Chukua mfano wa kutoa uvimbe na kuacha figo iliyobaki ikiwa salama. Daktari hubana mshipa unaopeleka damu kwenye figo, anakata uvimbe, anashona figo, kisha anaachilia damu ipite. Figo haivumilii kukosa damu muda mrefu. Wapasuaji hujitahidi kumaliza ndani ya nusu saa, na ikiwezekana mapema zaidi. Kushona kitu kinacholegea, kupitia tundu, saa ikienda mbio. Hiyo hufundishwi kwenye YouTube.

Kuna utafiti wa mwaka 2007 ambao kila mtu anayepanga pesa za afya anafaa kuusoma. Andrew Vickers na wenzake waliangalia wagonjwa zaidi ya 7,700 wa saratani ya tezi dume waliofanyiwa upasuaji na madaktari 72. Kwa mgonjwa wa daktari aliyekuwa amefanya upasuaji huo mara 10 tu, uwezekano wa saratani kurudi ndani ya miaka mitano ulikuwa karibu 18 kwa kila 100. Kwa mgonjwa wa daktari aliyekuwa amefanya mara 250, ulishuka hadi karibu 11 kwa 100. Na huo ulikuwa upasuaji wa wazi, wa kisu cha kawaida. Ugonjwa ni uleule, kilichotofautiana ni idadi ya marudio. Halafu ongeza kwamba kando ya hiyo tezi kuna neva za nguvu za kiume na misuli inayozuia mkojo. Mkono usiozoea unaweza kumwacha mzee akiwa hai lakini anavaa pampasi.

Feloshipu ndiyo njia ya kupata hayo marudio bila kumtoa mgonjwa kafara. Mtu huanza kwenye sanduku la mazoezi, akishona vipande vya mpira mbele ya kamera. Kisha anashika kamera ya bingwa. Kisha anafanya sehemu moja ya upasuaji, ile rahisi. Halafu ile ngumu, bingwa akiwa amesimama begani kwake. Mwisho anafanya wote, na bingwa bado yuko chumbani.

Digrii ikiisha, uanagenzi unaanza

Mimi niliacha chuo kabla ya kofia na joho, kwa hivyo sina sababu ya kusifu vyeti. Lakini hii stori inanifurahisha kwa jambo moja. Hesabu ngazi ya daktari huyu hapa Kenya: miaka sita ya udaktari, mwaka mmoja wa uanagenzi hospitalini, kisha miaka mitano hivi ya kusomea yuroloji. Hiyo ni miaka 12, na hapo hatujahesabu muda wa kufanya kazi kaunti akisubiri nafasi ya masomo. Halafu, akiwa juu kabisa ya ngazi, anarudi kuwa spanaboi. Anasimama kando ya fundi, anamshikia vifaa, anatazama mikono, anaiga, anakosolewa, anarudia. Ni mtindo uleule wa gereji za Kariobangi na wachuma mabati wa Kamukunji. Ujuzi wa juu kabisa duniani bado unapita kutoka mkono hadi mkono.

Kama ni hivyo, basi namna nchi inavyomtendea mwanagenzi inakuonyesha ni ujuzi gani itakuwa nao baada ya miaka kumi. Na sisi tunamtendea vipi? Mwaka 2024 madaktari walikaa mgomoni siku 56, na moja ya hoja kuu ilikuwa malipo ya wanagenzi: mkataba wa 2017 ulisema Sh206,400 kwa mwezi, serikali ikaja na Sh70,000. Juu yao kuna madaktari wanaojilipia masomo ya ubingwa. Wanatibu wagonjwa wodini usiku kucha na bado wanalipa karo. Sasa mwambie mtu kama huyo, akiwa na miaka thelathini na kitu, mke na watoto, kwamba aongeze miaka miwili mingine ng'ambo kwa pesa zake. Atakayeweza ni mwenye jina la ukoo lenye pesa, au aliyepata ufadhili. Na akirudi na deni, hospitali ya binafsi inamsubiri uwanja wa ndege. Siwezi kumlaumu.

Wapo Wakenya wanaofanya kazi hii leo, na wanaifanya vizuri. Shida ni kwamba tumewaacha wawe wachache, kama visima jangwani, na kila kisima kina laini yake.

Nadiad na Mansoura

Kuna watu watasema haya ni mambo ya miji mikubwa ya Ulaya. Hapana. Nenda jimbo la Gujarat, India, kwenye mji unaoitwa Nadiad. Si Mumbai, si Delhi. Hapo mwaka 1978 ilifunguliwa Hospitali ya Muljibhai Patel, ya magonjwa ya mfumo wa mkojo. Chini ya madaktari kama Mahesh Desai ilijijengea jina kwa kutoa mawe ya figo kupitia matundu madogo, na leo madaktari kutoka nchi nyingine huenda huko kufundishwa. Walikuwa na wagonjwa wengi na walikuwa na walimu. Hiyo ilitosha kuanza.

Au baki hapa hapa Afrika. Mansoura ni mji wa delta ya Nile nchini Misri, mbali na vurugu za Cairo. Mwaka 1983 Mohamed Ghoneim alianzisha hapo kituo cha figo na mfumo wa mkojo chini ya chuo kikuu cha umma. Kimetibu maskini, kimefundisha, na kazi zake za kibofu na upandikizaji wa figo zinasomwa kote duniani. Hakikuanza kwa sababu Misri ilikuwa tajiri. Kilianza kwa sababu mtu aliamua wagonjwa, walimu na wanafunzi wakae chini ya paa moja.

Hata karibu zaidi, Oktoba 2023 Kigali ilifungua IRCAD Africa, tawi la taasisi ambayo Jacques Marescaux aliianzisha Strasbourg, Ufaransa, mwaka 1994 kufundisha upasuaji wa matundu madogo. Rwanda, nchi ndogo kuliko baadhi ya kaunti zetu, imejenga darasa. Kozi za siku chache huko ni mwanzo mzuri kwa daktari wetu, lakini kozi ya siku chache ni kama somo la kwanza la kuendesha gari. Bado unahitaji barabara. Barabara ni hospitali yenye wagonjwa wengi na bingwa mwenye muda wa kufundisha.

Sisi je? Sisi tulianza na mashine. Mwaka 2015 serikali ilikodi vifaa vya matibabu kwa hospitali 98 kote nchini, kwa mpango wa Sh38 bilioni. Ripoti ya Seneti ya mwaka 2020 ilieleza jinsi baadhi ya vifaa vilivyokaa bila kazi, sehemu nyingine kwa kukosa wataalamu, kwingine kwa kukosa maji au umeme. Utepe ulikatwa, picha zikapigwa, vumbi likachukua nafasi ya mgonjwa. Na roboti moja ya upasuaji inaweza kugharimu zaidi ya dola milioni moja, kabla hujalipia matengenezo na vyombo vyake vinavyotumika mara chache na kutupwa. Tukiinunua bila mikono, tutakuwa tumenunua pambo ghali kuliko yote mjini.

"Lakini hata glavu hazitoshi"

Hoja hii ni nzito na siikwepi. Kuna hospitali ambapo mgonjwa hutumwa duka la dawa kununua glavu na uzi wa kushona. Mbona tuongee feloshipu?

Kwanza, sisemi tuanze na roboti. Kamera ya kibofu, leza ya mawe na laparoskopi ya kawaida zinafanya kazi kubwa kwa bei ya chini zaidi. Pili, kitanda nacho kina bei. Mgonjwa anayelala siku mbili badala ya wiki anaacha kitanda kwa mwingine, na katika wodi ambapo watu wawili wanalala kitanda kimoja, hiyo si hesabu ndogo. Tatu, tangu Oktoba 2024 asilimia 2.75 ya mshahara wa mfanyakazi inaenda kwa SHA. Tunalipa tayari. Tuna haki ya kuuliza pesa hizo zinalipia wiki sita za kulala au wiki mbili.

Wengine watasema tukiwafundisha watakimbia. Labda baadhi yao. Lakini mtu aliyefundishwa hapa, kwa mshahara, anaweza kutia sahihi mkataba wa kubaki miaka kadhaa na kufundisha wengine. Aliyejilipia huko nje hana deni na mtu yeyote.

Sasa tufanye nini?

Serikali na vyuo vyetu vianze na nafasi chache tu, hata nne kwa mwaka. Ziwe Kenyatta, ziwe Moi pale Eldoret, ziwe hospitali kuu ya Pwani. Chuo cha wapasuaji cha kanda yetu, COSECSA, chenye makao Arusha, tayari hufundisha wapasuaji wakiwa kazini hospitalini. Njia hiyo ifuatwe hata kwa hatua hii ya juu. Bingwa anayefundisha atengewe saa za kufundisha na alipwe kwa saa hizo. Na kila mkataba wa mashine ya upasuaji uwe na fungu la kufundisha watu, lililoandikwa kwa tarakimu. Mkataba usiolitaja usitiwe sahihi.

Nasi tuna kazi. Ukiwa na mzazi anayepangiwa upasuaji, uliza maswali, kwa heshima lakini bila woga: Daktari, kuna njia ya matundu madogo kwa ugonjwa huu? Umefanya upasuaji huu mara ngapi? Kama si wewe, ni nani tunayeweza kumwona? Kuna wakati kisu cha kawaida ndicho salama zaidi, na daktari mzuri atakueleza kwa nini. Na mwanasiasa akija mtaani kujisifu kuhusu mashine mpya, usimpigie makofi mapema. Muulize swali moja tu: nani ataiendesha, na alifundishwa na nani?

Michango ya WhatsApp itaendelea, maana sisi ni watu wa kusaidiana. Lakini pesa tunazochangia kumpandisha mzee mmoja ndege zinaisha na safari yake. Pesa za kumlipa mwanagenzi mmoja hapa nyumbani hubaki kwenye mikono yake, na mikono hiyo itafanya kazi miaka thelathini.